Mwili ulishaiona kabla yetu: kingamwili, damu na kansa

Wengi mmeniandikia kwamba Jumamosi hamkuweza kufika pale Moshi, wengine mvua, wengine kazi, kwahiyo naiweka hotuba nzima hapa kama nilivyoiongea. Nimetoa picha za kwenye skrini tu maana bila mtu wa kuzielezea hazimsaidii yeyote.

Shikamooni wazee wangu. Mama zangu, baba zangu, kaka na dada, na nyie wanafunzi wa uuguzi mliojaa kule nyuma, karibuni sana. Najua humu ndani wapo waliopona kansa, wapo walio kwenye matibabu sasa hivi, na wapo waliozika juzi tu. Poleni sana, na asanteni kwa kuja.

Mimi ni mtu wa maabara, sio daktari wa kukuandikia dawa. Kazi yangu ni damu. Na leo nina jambo moja tu la kuwaambia, ambalo ni kwamba mara nyingi mwili wa mtu unakuwa umeshaiona kansa kabla mwenyewe hajajua, kabla daktari hajajua, na unakuwa umeacha ushahidi ndani ya damu. Ushahidi huo ni kingamwili. Sasa je, tunausomaje? Tunauamini kwa kiasi gani? Na huyu anayekuambia mjini kwamba kwa tone moja la damu atakutafutia kansa zote, anakuambia ukweli?

Tuanze na kitu mnachokijua. Mtoto akiugua surua, seli zake za kinga zinazoitwa seli B zinatengeneza protini zenye umbo la herufi Y, zinamshika kirusi wa surua na sio mwingine yeyote, na miaka inapita, mtoto anakuwa mtu mzima, ukimpima unazikuta bado zipo. Hizo ndo kingamwili. Kwa ugonjwa unaotoka nje hilo halina shida kulielewa. Lakini kansa haitoki nje. Kansa ni seli yako mwenyewe, ya titi lako, ya pafu lako, ya umio wako, yaani njia ya chakula. Mwili utampigiaje kelele mtoto wake wa kumzaa?

Mfikirie balozi wa nyumba kumi. Anamjua kila mtu mtaani kwake na hahangaiki na yeyote anayeishi maisha yake ya kawaida, lakini kijana wa humohumo mtaani akianza kurudi usiku wa manane, akianza kujaza nyumba mizigo kuliko ilivyokuwa, au akionekana kwenye nyumba ambayo sio yake, balozi anaandika jina. Mwili nao uko hivyo. Seli ya kansa inatengeneza protini iliyoharibika umbo, au inatengeneza protini ya kawaida ila kwa wingi wa kupitiliza, au inatengeneza protini ambayo haikutakiwa kuwa sehemu ile. Seli B zinaliona hilo. Jina linaandikwa.

Sasa niwape kisa cha kwanza. Mwaka 1979 makundi kadhaa ya watafiti, Uingereza, Marekani na Ufaransa, kila kundi kivyake, waligundua protini ambayo leo kila anayesoma kansa anaijua, inaitwa p53. Na sikilizeni ilivyopatikana. Baadhi yao walichukua damu ya wanyama wa maabara waliokuwa na uvimbe, wakaona kingamwili zilizomo kwenye ile damu zinang'ang'ania kitu fulani ndani ya seli, wakakivuta wakakikuta. Yaani mnyama mgonjwa ndiye aliyeonyesha kwa kidole. Miaka mitatu baadae, 1982, Lionel Crawford na wenzake kule London wakapima damu ya wanawake wenye kansa ya matiti wakakuta kama tisa kati ya kila mia wana kingamwili dhidi ya p53 yao wenyewe.

p53 kazi yake ni kulinda, seli ikiharibika vinasaba inaisimamisha isigawanyike, ikishindikana inaiua. Karibu nusu ya kansa zote za binadamu p53 imeharibika. Na ikiharibika mara nyingi haivunjwivunjwi tena kama kawaida, inalundikana, na seli zikifa zinamwaga lile lundo nje, kinga inalikuta.

Ila nimesema tisa kati ya mia. Tisa! Wale wengine tisini na moja je? Walikuwa na kansa na damu imenyamaza. Hili naomba mlishike maana tutalirudia.

Na najua kuna mtu anajiuliza, kama mwili umeshaiona mbona hauiui? Swali zuri sana. Kingamwili inazunguka nje ya seli, kwenye damu na majimaji. p53 inakaa ndani kabisa kwenye kiini cha seli. Kwahiyo kingamwili inamjua mhalifu, ina jina lake, lakini hafikiki. Hizi kingamwili ninazowaongelea nyingi ni mashahidi, sio askari.

Kabla sijaendelea, niwaonyeshe huo ushahidi unaonekanaje kwa macho, maana watu wanadhani maabara ni kompyuta tu. Tuna kisahani cha plastiki chenye vishimo 96, kila kishimo kidogo kuliko ncha ya kidole cha mtoto. Chini ya kishimo tunabandika ile protini ya kansa tunayoitafuta, halafu tunaweka maji ya damu ya mgonjwa, yaani ile sehemu ya njano inayobaki juu damu ikishaganda na kuzungushwa. Kama kingamwili ipo inashika. Tunaosha, tunaosha tena, na kuosha ndo kazi yenyewe, ukiosha vibaya umeharibu kila kitu. Kisha tunaweka kingamwili ya pili, ya kuishika ile ya mgonjwa, iliyobebeshwa kimeng'enya cha kuleta rangi, tunaosha, tunaweka dawa ya rangi. Mnasubiri dakika chache na kishimo kinaanza kuwa bluu, kwanza kama moshi hivi, halafu bluu kweli kweli, ukitia tone la asidi inageuka njano palepale. Cha jirani yake kimebaki cheupe kama maji. Wewe umesimama na kisahani mkononi na unajua damu ya mtu huyu imeijibu protini ya kansa. Mimi kazi hii sijawahi kuizoea.

Kisa cha pili, na hiki kinatuhusu sisi wa huku mlimani moja kwa moja. Kansa ya umio. Nani humu hana ndugu au jirani aliyeanza kwa kusema ugali haushuki? Mnaona mikono. Ukanda wetu huu kuanzia Kenya, kule Bomet na Eldoret, ukaja Kilimanjaro, ukashuka mpaka Malawi, umio unaua watu kuliko sehemu nyingi za dunia, na hata utafiti uliofanywa hapa Kilimanjaro ulikuta watu wanaanza kunywa chai ikiwa kwenye nyuzijoto kama 70, wakati shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, IARC, mwaka 2016 liliweka vinywaji vya moto zaidi ya nyuzi 65 kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha kansa. Mama zangu, ile chai iacheni kidogo ipoe.

Turudi kwenye kingamwili. Mwaka 1995 pale Homburg, Ujerumani, Michael Pfreundschuh na kijana wa timu yake, Ugur Sahin, walitoa njia mpya. Walichukua uvimbe wa mgonjwa, wakatoa maelekezo yote ya protini ambazo ule uvimbe unatengeneza, wakayaingiza kwenye bakteria, bakteria wakawa viwanda vidogo vidogo, kila kiwanda na protini yake. Halafu wakamwagia juu yake nini? Damu ya mgonjwa yuleyule! Wakasubiri waone kingamwili zake zinashika protini ipi. Hawakukisia wao, walimuuliza mgonjwa. Walimuuliza mgonjwa kupitia damu yake.

Miaka miwili baadae, 1997, Yao-Tseng Chen na Lloyd Old wa New York pamoja na hao Wajerumani wakafanya hivyo kwa mgonjwa wa kansa ya umio. Damu yake ikashika protini ambayo hakuna aliyekuwa anaijua, wakaipa jina la NY-ESO-1, ile ESO ni umio. Protini hii kwa mtu mzima mwenye afya inapatikana hasa kwenye korodani, na seli za korodani zimefichwa mbali na kinga, kwahiyo kinga haijawahi kuizoea. Ikitokea kwenye umio au pafu au ovari, kinga inaiona ngeni kabisa. Kwa watu wenye afya kingamwili zake ni karibu hamna, lakini kwa wagonjwa ambao ugonjwa umesonga na uvimbe wao unatengeneza hii protini, karibu nusu wanazo. Na ikaja kuonekana kwamba uvimbe ukitolewa au ukisinyaa, kingamwili hizi nazo zinashuka.

Huyo Sahin ndiye baadae alianzisha kampuni ya BioNTech na mkewe Özlem Türeci, na ile chanjo ya korona iliyotoka na Pfizer ni yao. Nawaambia hili nyie vijana wa kule nyuma kwasababu kabla ya umaarufu wote ule, alikuwa anasoma kingamwili za wagonjwa wa kansa, kisahani kwa kisahani.

Kisa cha tatu kinatoka kwa majirani zetu Uganda. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji pale hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya unaowaota watoto wa huku kwetu, na mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake London wakaona kirusi ndani ya seli za uvimbe ule. Swali likabaki, kirusi ndicho kinacholeta kansa, au kansa imeanza ndo kirusi kikajiingizia? Utajuaje? Lazima uwe na damu ya mtoto kabla hajaugua. Na nani atakuwa na damu ya mtoto ambaye bado hajaugua?

Wakaenda West Nile, kaskazini magharibi ya Uganda, kati ya 1972 na 1974, Guy de-Thé wa IARC pamoja na Waganda, wakachukua damu za watoto kama elfu 42, watoto wa mpaka miaka minane, wazima, wanacheza, wakazigandisha. Elfu arobaini na mbili, kijiji kwa kijiji. Halafu wakasubiri. Watoto 14 wakapata ule uvimbe. Wakarudi kwenye friji, wakatoa damu zao za zamani, wakapima kingamwili dhidi ya protini za kile kirusi, wakakuta zilikuwa juu kuliko za wenzao, juu muda mrefu kabla ya uvimbe kuonekana. Matokeo yakachapishwa 1978, na hesabu yao ilisema mtoto mwenye kiwango cha juu namna ile hatari yake ni kama mara 30 ya wenzake.

Ndugu zangu, hii mimi inanigusa sana. Ushahidi mzito wa mwanzo mwanzo kwamba kwa binadamu kirusi kinatangulia na kansa inafuata ulisimama kwenye damu za watoto wa Afrika Mashariki, na akina mama wa West Nile waliwashika watoto wao wachomwe sindano kwa ajili ya jambo ambalo wao lisingewafaidisha chochote siku ile. Majina yao hayapo popote. Leo ukiambiwa kwamba sayansi ni ya wenzetu, kumbuka West Nile.

Na hilo limerudiwa kwa kirusi kingine, HPV. Mwaka 2013 watafiti walichukua damu zilizohifadhiwa Ulaya, za watu ambao baadae walipata kansa ya koo, wakakuta karibu theluthi moja walikuwa na kingamwili dhidi ya protini ya HPV inayoitwa E6, na kwa wengine damu ilitolewa zaidi ya miaka kumi kabla ya kansa kugundulika. Kwa wasiougua ilikuwa chini ya mmoja kwa mia. Miaka kumi! Balozi alishaandika jina zamani.

Kisa cha nne ni kifupi ila nakiomba mkisikilize kwa makini, hasa wazazi wa mabinti. Wakati mwingine ushahidi huu unamuumiza mwenye nao. Mwaka 2007 Josep Dalmau na wenzake waliandika kuhusu wanawake 12, wengi vijana, waliobadilika ghafla. Binti mzima anaanza kuogopa vitu visivyokuwepo, halali, anaongea maneno hayaeleweki, anakakamaa, anatikisa mdomo peke yake, halafu anapoteza fahamu. Karibu wote walikuwa na uvimbe wa ovari unaoitwa teratoma, na ndani ya uvimbe kuna tishu ya neva, kama kipande cha ubongo mahali pasipo pake. Kinga ikatengeneza kingamwili dhidi yake, kingamwili zikapanda kwenye ubongo wenyewe, zikashika protini ileile huko. Teratoma nyingi sio kansa, lakini njia ni moja.

Sasa niambieni, huku kwetu binti akianza hivyo tunampeleka wapi kwanza? Hamna haja ya kujibu. Simlaumu mzazi yeyote anayeomba, ombeni. Ila mpelekeni na hospitali, mwambieni daktari siku dalili zilipoanza, na umuulize kuhusu ultrasound ya tumbo la chini, kwasababu uvimbe ukitolewa na kinga ikatulizwa, takriban wanane kati ya kumi wanarudi kwenye maisha yao ndani ya miaka miwili.

Haya. Sasa vipimo vya mjini.

Kwa kuwa damu inajua, watu wakasema basi tutengeneze kipimo. Na kipo kilichopimwa kwa uaminifu mkubwa, kipimo cha kansa ya mapafu, kule Scotland. Walichukua watu 12,208, wa miaka 50 mpaka 75, wengi wavutaji sigara wa miaka mingi, nusu wakapimwa kingamwili dhidi ya protini saba, zikiwemo p53 na NY-ESO-1, nusu wakaendelea na huduma ya kawaida. Aliyekutwa nazo alipelekwa kupigwa picha ya kifua na CT skani.

Matokeo baada ya miaka miwili ni haya. Kwenye kundi lisilopimwa, kati ya waliopata kansa ya mapafu, 73 kwa mia ilikutwa hatua ya tatu au ya nne, yaani imeshasonga. Kwenye kundi lililopimwa, 59 kwa mia. Hiyo ni nafuu ya kweli, siidharau hata kidogo. Lakini angalieni upande wa pili. Waliopimwa walikuwa elfu sita na kitu, karibu 600 kipimo kikasema ndiyo, na kati ya hao 600 ni 18 tu waliokuwa na kansa ndani ya ile miaka miwili. 18! Wengine wote walilala na hofu. Na kwenye kundi hilohilo kansa zilizotokea zote zilikuwa 56, maana yake 38 kipimo kiliwaambia hamna kitu. Vifo kwa miaka ile miwili, tofauti haikuonekana ya kutosha kuthibitisha kitu.

Na hapo ni Scotland, ambako ukisikia ndiyo unapata CT skani bila kuuza ng'ombe. Mimi naamini kabisa hii njia itafika mahali, kwa kuunganisha kingamwili nyingi na vitu vingine, na kwa kupima damu zetu sisi, sio za Ulaya tu. Lakini leo, mtu akiweka meza kwenye maonyesho anakuchoma kidole anasema ataona kansa za mwili mzima, akikupa karatasi ya kijani anasema uko salama, huyo anakudanganya. Anakudanganya kwa sababu damu inanyamaza kwa wengi, mmeona wenyewe. Na ukiwa na dalili, chakula hakishuki, damu inatoka wakati sio, kuna uvimbe kwenye titi, karatasi ya kijani inaweza kukucheleweshea miezi ambayo ulikuwa nayo.

Niliulizwa maswali mengi mwishoni, naweka mawili yaliyorudiwa.

Mama mmoja aliuliza, mbona mdogo wake mwenye kansa ya matiti anatundikiwa dawa na daktari ameiita kingamwili, inakuwaje mimi naziita mashahidi? Mama, ile dawa inaitwa trastuzumab, ilianza kuruhusiwa Marekani 1998 na WHO ikaiweka kwenye orodha ya dawa muhimu 2015. Ni kingamwili iliyotengenezwa kiwandani, na inafanya kazi kwasababu protini ambayo dawa hiyo inailenga, HER2, ipo juu ya ngozi ya seli, inafikika. Kumbuka p53 ilikuwa ndani. Ndo maana kabla ya kuitoa lazima kipande cha uvimbe kipimwe HER2 kwanza, kama mmoja tu kati ya watano au sita wenye kansa ya matiti ndiye anayo nyingi, na asiye nayo haimsaidii. Mdogo wako akiulizwa majibu ya HER2 ayajue, aandike kwenye simu.

Na mzee wangu mmoja akauliza, kama kingamwili zinakuja kansa ikishaanza, hakuna za kutangulia? Zipo, mzee, ndo chanjo ya HPV. Inamfanya binti atengeneze kingamwili dhidi ya ganda la kirusi kabla hajakutana nacho, zinakidaka kikiwa bado nje ya seli, mahali ambapo kingamwili inaweza kupigana, kwahiyo ile E6 haipati hata nafasi ya kutengenezwa na kansa ya shingo ya kizazi inakosa pa kuanzia. Rwanda walianza kuwachanja mabinti nchi nzima 2011, sisi Tanzania 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikawa dozi moja tu kwa wa miaka 9 mpaka 14. Mzee akasema ana wajukuu watatu wa umri huo na hajui kama shuleni walichomwa. Nikamwambia aangalie kadi zao, na kama hazionyeshi awapeleke zahanati waulizie, chanjo hiyo ni bure.